Ndoo Isiyo na Mwenyewe

Saa nane usiku, Nkuhungu.
Feni inasukuma joto kutoka ukuta huu hadi ule
na mimi nahesabu mzigo ambao haupo.

Viini vinne. Vitatu vinatokwa jasho,
cha nne kimekaa bure, kinapiga miayo,
na mratibu wa zamu, kila nikimuuliza, jibu ni lile lile:
"Huyo amelemewa. Msimwongezee."

Nikafungua daftari lake.
Kweli imeandikwa: mzigo bilioni nne na ushei
kwenye kiini kisicho na kazi hata moja.

Nikakumbuka bomba la Chang'ombe, enzi za mgao.
Foleni ilikuwa ya ndoo, si ya watu.
Ndoo ya bluu ya Mama Nyembela,
mfuniko umefungwa kwa kipande cha kanga,
ilikaa ya tatu tangu alfajiri.
Tuliiheshimu. Tuliisogeza kwa mguu.
Mpaka jioni Sechelela, binti wa fundi baiskeli, akauliza:
mwenyewe yuko wapi?

Mwenyewe alishahamia Nzuguni tangu Jumapili,
na godoro, na kuku, na deni la sabuni.
Aliaga watu wote.
Foleni hakuiaga.

Ndivyo ilivyokuwa humu.
Kazi ilisinzia kidogo ikisubiri diski,
ilipoamka iliamkia kiini kingine,
ikapokelewa, ikaandikwa,
na kule ilikotoka walikuja kufuta wakiwa wamechelewa.
Mzigo ulikuwa umeshanyauka,
maana mashine nayo husahau,
nusu kwa kila milisekunde thelathini na mbili,
kama zabibu za Hombolo juu ya turubai;
wao wakatoa uzito wa shambani
kwenye uzito wa turubai.

Kumi na moja, toa kumi na mbili.
Sisi tungesema: nadaiwa moja.
Mashine haijafundishwa kudaiwa.
Huzunguka nyuma ya sifuri
na kutokea upande wa pili, tajiri wa mabilioni.

Kiraka chenyewe ni mistari miwili.
Pima upya kabla ya kutoa.
Anayehama aage anakotoka
kabla hajabisha hodi aendako.

Nilikuwa na wa tatu: hesabu isishuke chini ya sifuri, basi.
Lechipya akaandika pembeni, "Huo ni mfuniko, si dawa."
Nikanuna. Nikaenda kunywa maji.
Nikarudi, nikaufuta.

Saa kumi na robo cha nne kikaamka.
Hakuna kengele, hakuna shangwe,
namba tu zikaanza kufanana,
na feni ya kompyuta, iliyolia tangu Jumatano, ikashusha pumzi.

Nje mtu akapiga kelele: yametoka!
Nikashika dumu langu, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.
Ndoo kumi na mbili zimeshapangwa.
Nikaanza ya kwanza: hii ya nani? Hii?
Wakanicheka, wakasema usiku umenila akili.

Ya sita haikujibiwa.