Mgeni wa Siku ya Tatu

Gramu ishirini na tano za dagaa
hazimshibishi hata paka.
Nimezipima Jumatatu hapa Nyegezi,
glavu mkononi, pumzi nimeibana.
Mfuko hauna jina, una namba: mia nne kumi na saba.
Lakini chini yake mchanga umebaki,
mweupe, wa chengachenga,
na mchanga huo kama naujua.
Sikuuliza. Hatuulizi.
Nikamimina mchuzi.

Si mchuzi wa nyanya na bizari.
Ni maji ya peptoni, rangi ya chai
ya majani yaliyochemshwa mara ya pili.
Maana huyu ninayemsaka amechoka:
jua limemchoma mgongo,
ukavu umemnyonya,
yu hoi, pengine peke yake
kati ya maelfu wasio na neno.
Ukimtafuta leo utaapa hayupo.
Basi unamlisha.
Unamlaza penye nyuzi thelathini na saba,
joto la kwapa la mtoto aliyelala,
na unamwachia usiku.

Nilipoanza kazi, jambo hili lilinikera.
Mzee Lugendo, aliyenifundisha, akacheka:
“Mwizi mwenye njaa hunyata, binti.
Akishiba, huimba.”

Saa nane usiku umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa, likagoma, likakubali,
nami nimekaa mbele ya kabati la joto
kama mama kando ya kitanda cha wodi,
nikimwombea uzima
kiumbe nisiyempenda.

Jumanne nikamhamisha.
Chupa ya pili ni ya buluu, chungu, yenye dawa
inayowaangusha wenzake,
wapangaji wa kawaida wa kila utumbo.
Yeye huinywa, akaendelea kuzaana.
Dirishani mawe yamebebana vilevile,
magugumaji yamesogea hadi gatini.
Mchana nikala ugali.
Kwa dagaa.
Nikatafuna polepole.

Mgeni siku mbili, walisema,
siku ya tatu mpe jembe.
Jumatano nikampa na shamba:
sahani ya duara, nyekundu kama udongo wa Geita,
nikachora matuta kwa ncha ya waya.

Alhamisi alikuwa amelima.
Mashimo meusi, meusi tii,
kila moja na ukingo wake mwekundu,
kama macho ya mtu aliyekesha.

Fomu ina nafasi ya neno moja.
Nikaandika: *Imeonekana.*
Salmonela, katika gramu ishirini na tano.
Kuthibitisha bado, kesho na keshokutwa,
ila mkono wangu ulishajua,
na haukutetemeka, nao niliudhania utatetemeka.

Kayenze yuko shangazi yangu Mhoja.
Huanika dagaa chini, mchangani,
bata wakipita, mbuzi wakipita,
kongoti wakitua na miguu yao ya jalalani.
Mchanga huo ndio ulionilipia ada
kidato cha kwanza hadi cha nne.
Sisemi ni wake. Ziwa lina fukwe nyingi,
na namba ni namba.

Lakini Jumamosi nitakwenda
na wavu mita sita, misumari,
na nguzo nane za mkaratusi.
Mia nne kumi na saba sitaitaja.
Nitamwomba maji ya kunawa,
nitanawa taratibu, mpaka viwiko, aone,
kisha nitasema: Shangazi,
hawa tuwainue.