Kisima cha Shule ya Marrowdale

Walinipa funguo kumi na nne, wakasema: ni mmoja tu unaofungua.
Sikuuliza upi. Nilikuwa na kutwa nzima,
na theluji ya Saskatchewan haina haraka na mtu.

Kazi yangu: kutoa madawati, kubandua ubao wa chaki,
kupanga kila kitu mafungu mawili, la kuuzwa na la kutupwa.

Daftari la kwanza ni la mwaka 1909.
Mwandiko umelalia kulia kama ngano iliyopigwa na upepo.
Mwalimu: Thora Eklund, umri miaka kumi na tisa,
mshahara dola arobaini, kuni ajitafutie.
Mbele ya jina la Wasyl Hnatiuk, asiyejua neno la Kiingereza,
ameandika: *kimya*.
Mwezi wa pili, *kimya*. Wa tatu, *kimya*.
Aprili: *amecheka*.

Shule yenyewe imekaa mahali pasipofaa.
Bwana Pruden aliitaka karibu na ghala lake,
Bwana Ostby karibu na kanisa lake.
Wakabishana misimu miwili, hata serikali ikachukua rula,
ikapima katikati, ikatia nukta pale ambapo hapana aliyepataka.
Walipochimba kisima yakatoka maji ya chumvi.

Kwetu tulifunzwa, wapiganapo tembo nyasi huumia.
Huku hakuna tembo. Nyasi ziliumia vilevile:
miaka hamsini na mmoja watoto walichota kwa mama Ostby,
wawili wawili, ndoo ikining'inia kwenye mpini wa ufagio,
na maji yakishika ngozi ya barafu kabla hawajafika mlangoni.

Mwaka 1918 mwandiko unakatika Oktoba.
Ukurasa mweupe. Wa pili mweupe.
Madawati yalitolewa nje, wagonjwa wa homa wakalazwa sakafuni.
Januari orodha inaanza upya, majina yaleyale,
ila Thora ameruka mistari minne, akaiacha wazi,
kana kwamba wenyewe wamechelewa tu njiani.

Ng'ambo ya mto walikuwapo watoto wengine, Wakrii.
Hawamo daftarini. Nimewatafuta.
Walipakiwa garini kupelekwa shule ya bweni, mbali,
ambako jina la nyumbani lilivuliwa mlangoni kama kiatu.
Kimya chao hakuna mwalimu aliyekitia alama.

Halafu miaka ya vumbi, mwandiko mwingine, wino mwepesi:
*Leo tumewasha taa saa sita mchana.*
*Leo Olena Baran amekuja na viatu vya kaka yake, kaka amebaki nyumbani.*
Halafu vita, na wavulana wakubwa wakatoka kwenye orodha wakaingia ukutani,
majina yao kwenye shaba, chini ya saa iliyosimama.
Bomba la maji lilifika 1960. Walikula keki.
Halafu basi la njano likaja kuwachukua wakubwa,
kisha wa kati,
na mji ukajifunza kuhesabu kurudi nyuma.

Mwaka jana walibaki tisa. Wa tisa alikuwa Faila wangu.
Nilimtafuta naye, nione mwalimu aliandika nini
ile miezi tuliyokuwa tumetoka kambini, akiuma kola ya shati lake.
Hakuna. Siku hizi mahudhurio yanawekwa kwenye kompyuta,
kisanduku kimoja, yupo au hayupo.
Hakuna pa kuandika *amecheka*.

Alicheka, lakini. Ilikuwa Februari. Nilikuwapo:
mtoto wa akina Ostby alianguka kifudifudi thelujini, akainuka na ndevu.

Jioni nilikwenda nyuma nikasukuma mkono wa pampu.
Ulilia kutu kwa muda, nikadhani kisima kimekufa.
Kisha yakaja, kidogo, ya rangi ya chai.
Nikaonja.
Hawakusema uongo.

Madaftari sikuyaweka fungu hili wala lile.
Yako chini ya kiti cha gari, pamoja na buti za Faila zilizombana,
na bado sijui nitamwambia nini msimamizi.

Ufunguo, kama kuna atakayeuliza, ni wa kumi na moja.