Neno la Pili

Tulishuka Marcinkonys, treni ya alfajiri,
mimi, Eimutis, na kikapu cha marehemu mama yake
ambacho mpini wake nimeufunga waya mara tatu.
Mvua ilinyesha siku mbili, ikaacha.
Kila abiria alikuwa na kisu
na hakuna aliyesema anaelekea wapi.
Ndivyo tulivyo huku Lithuania: mtu atakupa figo yake
kabla hajakuonyesha anapochuma uyoga.

Tangu Februari ulimi wa mume wangu umelala.
Kiharusi kilimkuta akifunga kamba za viatu,
kikachukua mkono wa kulia na maneno yote,
kikamwachia moja tu: kesho.
Ukimuuliza chai au maziwa, kesho.
Ukimuuliza jina langu, anahangaika
kama mtu anayepapasa funguo gizani,
kisha anasema kesho, na machozi yanamlengalenga.

Kule hospitali, Bi Jolita hupanga kadi mezani:
paka. Kiti. Tufaha.
Tufaha lenyewe jekundu, halina hata doa.
Nani amewahi kula tufaha la namna hiyo?
Sikumlaumu kwa kulinyamazia.

Msituni hakuna kadi.
Misonobari imesimama mbalimbali
na mwanga unashuka katikati yake bila haraka.
Kuvumwani iliyokuwa kavu juzi, ikikatika kama biskuti,
leo imekunywa, imekuwa laini
kama mkate uliochovywa kwenye maziwa.
Nilimshika kiwiko. Mguu wake mbaya
ulichora mstari nyuma yetu, kama jembe la mtoto.
Hatua kumi, pumzi.
Hatua kumi, pumzi.

Nilikuwa na hasira, sitaficha.
Nilichoka kuwa mke, muuguzi,
na mkalimani wa neno moja.
Nilitaka kumketisha kwenye kisiki
niende mpaka mahali ambapo kesho haisikiki.

Nikamketisha. Nikaenda.
Hatua thelathini, labda arobaini.

Gogota alikuwa akigonga mti mkavu:
anagonga, anasikiliza, anagonga tena,
kama mgeni anayejua wenyeji wamo ndani.
Nikainama kuokota kitambaa changu cha kichwa,
harufu ya ardhi ikanipanda puani,
majani, maji, na kitu cha zamani
kama kabati la bibi likifunguliwa.
Sijui nililia kwa muda gani.
Kuvumwani haikuuliza. Ilinywa tu,
chozi na mvua haikuvitenga.

Ndipo nyuma yangu nikasikia sauti
nzito, yenye kutu, ya mtu anayesukuma gari bovu:
"Ba... ba-ra..."

Nilikimbia. Eimutis yuko magotini,
mkono wa kushoto umefukua sindano za misonobari,
na pale, kahawia, mnene,
kofia yake imelala upande kama ya askari mlevi,
uyoga ambao kwetu ndio mfalme.
"Baravykas," akasema.
Lote. Mpaka herufi ya mwisho.

Miezi saba nimelingojea jina langu, Danguolė,
na uyoga umenipita kwenye foleni!
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo,
ule upande ulionichumbia.

Nilimwachia kisu. Akakata kwa mkono wa kushoto, vibaya,
nikafunika jeraha la ardhi kwa kuvumwani,
kama mama yake alivyotufundisha,
na midomo yangu ikashukuru, sijui nani hasa:
mvua, ndege, kisiki.

Tulirudi na vichwa vinne vya uyoga, kimoja kina funza.
Ndani ya treni vikapu vya wenzetu vilifurika.
Mzee mmoja akachungulia chetu, akatuonea huruma.
Eimutis akamwelekezea kidole,
akatafuta, akatafuta.
"Baravykas."
Kisha akanigusa goti:
"Kesho."

Na safari hii, kwa mara ya kwanza,
lilikuwa jibu la swali
nililokuwa nataka kuuliza.