Fomu

Afisa wa ustawi kaja Keko Machungwa na fomu,
kalamu yake haiandiki mpaka aipulizie.
"Kwa siku unamhudumia saa ngapi?"
Namtazama mama. Mama anatazama dari.

Saa?
Andika ile ya kumgeuza, saa nane usiku,
mgongo usije ukatoka vidonda.
Andika uji, kijiko kwa kijiko,
nusu yake unarudi kwenye kanga.
Andika shuka za masika zisizokauka,
nazipigia pasi ya mkaa hadi zinatoa moshi.

"Uhusiano?"
Mtoto wake.
Anainua macho. "Wa kike hayupo?"
Yupo mmoja, Kigamboni. Mwingine tulimzika.
Cherehani niliiuza, nikanunua kiti cha magurudumu;
mlango wetu ukakikataa.

Dirishani Bi Sikudhani hajifichi:
"Siku hizi mtu analipwa kumwosha mamaye!
Radhi nayo ina risiti?"
Sikumjibu.
Radhi naitaka, wallahi,
lakini muuza maji hapokei radhi.

"Kazi: mlezi," afisa akaandika, akapiga mstari.
Miaka sita nikiulizwa kazi nasema
nipo nipo tu.
Na neno lenyewe si langu,
lilikuwa la huyu aliyelala.
Nikatia sahihi kwa mkono wenye harufu ya dettoli.

Usiku nikamwinamia: Mama, nimeajiriwa.
Upande mmoja wa mdomo ukacheka,
ule unaoweza.
Kisha neno pekee lililombakia,
kavu, kama bosi:
"Maji."