Utupa nyuma ya nyumba

Ulichanua zambarau mwaka ule tuliohamia Kadutu.
Baba alileta mbegu kutoka Katana
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kana kwamba mji wa Bukavu haukuwa na majani yake.

Alitwanga kila Jumamosi.
Kinu, maji, sabuni kidogo, kitambaa cha kuchujia.
Kupe wa mbuzi wa jirani wakapukutika.
Maharagwe ya mama hayakutobolewa na fukusi hata msimu mmoja.
Watu walikuja na chupa tupu na franka mia mbili,
naye alikoroga kwa mkono mtupu, hadi kwenye kiwiko,
akicheka: "Dawa ya majani haimuumi mwenye shamba."

Mimi nilijua kazi nyingine ya majani hayo.
Nilipokuwa na miaka tisa alinishusha kijitoni,
akatumbukiza gunia la utupa uliopondwa.
Tulisubiri muda wa kuvuta sigara moja.
Samaki wakaja juu, midomo wazi,
wakiomba hewa ndani ya maji yaliyojaa hewa.
Nikauliza: wanazama?
Akasema: samaki hazami, wewe.

Miaka ishirini na sita.
Kisha kidole gumba cha kulia kikaanza kusugua cha shahada,
polepole, kila akikaa kimya,
kama mtu anayehesabu noti ambazo hakulipwa.
"Haiko mimi," alisema. "Ni mukono ndio inajitumikisha."

Dokta Ntakwinja alituchorea mgongoni mwa bahasha.
Hapa, katikati ya ubongo, pana weusi
mwembamba kama ukucha uliokatwa.
Seli zake hazilali. Hupeleka neno moja
kwenye mguu, kwenye kope, kwenye kiganja:
ondoka.
Neno hilo husafiri katika dopamini.
Na ndani ya kila seli zimo mbabula ndogo nyingi,
nguvu ya moto ikipita mkono kwa mkono
kama matofali tunayopokezana kupandisha mlima wa Cimpunda.
Sumu ya utupa humkamata mtu wa kwanza katika mstari.
Huyo tu.
Matofali yanarundikana, yanaporomoka, yanavunja miguu;
mbabula zinatoa moshi badala ya joto,
na seli inakosa pumzi
wakati damu imesimama mlangoni na hewa tele.

Kwa nini hizi, si nyingine?
Alifikiri. "Umewaona akina mama wa bandari ya Muhanzi,
wenye kamba kwenye paji la uso?
Ukiwaongezea watu wote wa mji kilo mbili,
nani ataanguka kwanza?"

Kisha akaweka kalamu chini. Siapi, alisema.
Panya wa maabara walitetemeka hivyo. Wakulima wengine, labda.
Kwa baba yako kuna uzee pia, kuna damu ya ukoo,
kuna mengine ambayo hatuna chombo cha kuyapima.
Nilimchukia kwa ajili ya hiyo "labda".
Nilitaka mshitakiwa mwenye majani.

Jioni ile baba alikwama kwenye kizingiti.
Miguu ilikuwa mizima; neno ndilo halikufika.
Mvua ilimpiga mgongoni, uso wake umekauka kama ukuta,
na ndani ya macho mtu yuleyule, amefungiwa, anapunga.

Mimi ni fundi cherehani. Nilichukua chaki,
nikapiga mistari sakafuni, hatua kwa hatua,
kama ninavyopima marinda ya liputa.
Akautazama wa kwanza. Akauvuka.
Akavuka wa pili, akicheka
bila mdomo kujua.

Utupa bado upo. Sijaung'oa.
Mama anauliza maharagwe ya msimu huu tutayahifadhi na nini.
Nimetundika glavu mbili za mpira
kwenye msumari, juu ya kinu,
na hakuna aliyezigusa.

Asubuhi ufagio unafuta chaki.
Ninachora tena.