Futi Elfu Moja

Wanasema ajali haina kinga.
Inayo. Mimi nimeajiriwa kuilinda:
futi elfu moja za hewa tupu
kati ya tumbo la ndege hii na mgongo wa ile.
Haishikiki, haina rangi,
wala hakuna aliyewahi kuishukuru.

Jumanne, saa nane na dakika mbili mchana, KIA.
Kibo imejifunika wingu hadi mabegani.
Niliruhusu ya kwanza: kubwa, nzito,
imebeba watalii waliobabuka pua mlimani
na maboksi ya waridi kutoka Usa River.
Dakika tatu baadaye, ya pili, ya Dar,
nyepesi, ina haraka
kama kijana aliyepokea mshahara wa kwanza.

Nikamwambia wa pili: ishia futi elfu tisa.
Akarudia: elfu kumi.
Alirudia waziwazi. Kanda ipo,
nimeisikiliza mara kumi na moja.
Nami, kwa sauti yangu hii hii
inayosoma neno la Bwana Jumapili usharikani,
nikajibu: sahihi.

Mkono wa kushoto ulikuwa unakaza kifuniko cha chupa ya chai.
Basi. Ndicho kisa chote.
Ningependa kiwe kikubwa zaidi,
niseme radi, niseme ugonjwa, niseme mtu alinilogea masikio.
Kilikuwa kifuniko, na uzi wake uliolika.

Kule Tindigani kijana mmoja, Lemburis,
aliacha kuhesabu mbuzi akatazama juu.
Aliniambia baadaye: kivuli kilipita chini,
kisha kivuli kikapita juu ya kivuli,
na mbuzi hawakujua waangalie kipi.

Ndani ya ndege ya Dar chombo kilipiga kelele:
shuka, shuka.
Kahawa ikamwagika. Mtu akacheka kwa aibu.
Namwona mtoto dirishani, simjui jina,
anahesabu madirisha ya ndege nyingine,
anafika saba, anapunga mkono.

Futi mia tatu.
Kutoka geti la shule ya msingi hadi mlingoti wa bendera.

Rubani alisema redioni, "Tumeonana na mwenzetu,"
taratibu, kama waliokutana sokoni Boma Ng'ombe.
Sikumjibu upesi. Ulimi ulikuwa gunzi.
Bwana Nanyaro akanigusa bega, akakaa kwenye kiti changu
kabla hakijapoa.

Walinipa fomu.
*Umbali uliotakiwa. Umbali uliobaki.*
Kisanduku chenyewe kinatosha tarakimu nne;
mimi nilihitaji tatu.

Jioni nikapanda Kibosho kwa miguu kutoka lami.
Kihamba hiki marehemu baba alikipima kwa nyayo zake,
shina la mgomba hadi shina, hatua nne,
na nilipomuuliza mbona anapoteza ardhi
alisema, "Hapo katikati ndipo ndizi inapokulia."
Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani ni uzembe.

Ndeshi akanipokea mkoba.
"Kazini salama?"
Ni neno gani hili, salama,
linalomkaa sawasawa aliyenusurika
na asiyejua kama kulikuwa na kitu?
Nikasema, "Salama."
Akanipakulia mtori. Nikala wote, nikaongeza.

Usiku nilitoka hadi mpakani,
nikakata jani la sale.
Kwetu ukimkosea mtu unamfuata nalo,
na akilipokea, hawezi tena kukukatalia.
Nililifunga fundo, nikasimama nalo.

Mia mbili na tisini na sita.
Wengine wameshashuka ulaya, wameweka mizigo chini,
wanalalamikia mvua.
Wengine wako Kinondoni, wanagombana na mafundi bomba.
Yule mtoto amelala,
labda amemsimulia bibi yake kwamba aliona ndege kwa karibu, nzuri sana,
na bibi amesema, haya, kalale.

Nani nimpelekee jani hili?
Wenye haki ya kunikasirikia
hawana habari kwamba wanayo.

Nimeliweka kwenye mfuko wa shati la kazi.
Limekauka sasa, linachakarika ninapoinama,
na kila ninapolisikia
naomba rubani arudie tena.
Wananicheka. Arudie tena.