Taya

Daktari wa meno pale Ngara, ghorofa ya pili,
juu ya duka la miwani,
alimulika kinywani mwangu akaguna.
"Unasaga, mama. Usiku unasaga nini, mahindi?"
Magego yangu yamelika, bapa,
kama mawe ya ukingo wa kisima
yaliyopitiwa na kamba miaka nenda miaka rudi.

Akauliza kazi. Nikasema nasimama Makadara,
baina ya kizimba na meza ya hakimu,
nageuza Kiborana kiwe Kiswahili
na Kiswahili kirudi Kiborana.
"Basi," akasema, akivua glavu,
"taya limekuwa likifanya zamu ya pili."

Sikumwambia habari za Gumato,
aliyekamatwa na askari wa jiji
na madumu manne ya maziwa ya ngamia.
Hakimu aliuliza: unakubali au unakataa?
Naye akaanza panapoanziwa:
amani? watoto wako wana amani?
waliokuzaa wameamka na amani?
mvua kwenu imenyesha? mifugo imeshiba?
Ana kwa ana na mtu mwenye mafaili sitini
na saa ya ukutani inayosema sita kasorobo.
Mahakama nzima ikanitazama.
Nikatafsiri: "Mheshimiwa, anakusalimu."
Hizo nyingine zote nilizimeza.
Pengine ndizo ninazosaga.

Mama akipiga simu kutoka Sololo huniambia,
"Elema, siku hizi unanisalimu kama mtu wa benki."
Na karani Nyaboke, mlangoni mwa masjala,
"Dada, salamu zako ndefu kama foleni ya Huduma,
leta faili."
Kwa huyu mfupi, kwa yule mrefu;
nimekuwa nguo ya kuazimwa,
kila anayenivaa ananikunja mahali.

Hata Diba wangu, miaka tisa, mtoto wa Donholm,
akifunguliwa kibuyu cha maziwa yaliyofukizwa
huziba pua: "Mathe, hii imeungua."
Nikitaka kumkemea maneno huja mawili mawili,
yanakwama mlangoni kama watu wanaopishana kwa adabu,
pita wewe, la, pita wewe,
mpaka mtoto keshaondoka.

Kikinga meno kiligharimu shilingi elfu tisa; bima ilikataa.
Plastiki laini, umbo la kwato.
Nikikivaa siwezi kutamka lugha yoyote.
Usiku wa kwanza nililala kinywa kimejaa,
nikasikia kimya, kimya chenye uzito,
kama mtu amenitua mzigo
bila kuuliza naupeleka kwa nani.
Sikuota kesi.

Sisemi nimepona. Jumanne nilisaga hadi nikakitoboa.

Ila Jumamosi nilitoa buni alizotuma mama,
nikazichinja, ndivyo tusemavyo,
ncha moja moja kwa meno ya mbele,
nikazikaanga kwa samli juu ya gesi.
Zikaanza kupasuka. Moshi ukatoka dirishani
ukapanda hadi kwa Mama Nekesa,
naye akashuka, leso kifuani:
"Jirani, kunaungua nini?"
Nikamwambia keti. Nikamuuliza watoto,
mgongo wake, shamba la Kimilili, mvua, ng'ombe,
yule ndugu asiyeelewana na mkewe.
Alijibu yote. Hakutazama saa.

Kisha akashika moja, nyeusi, inang'aa mafuta:
"Hii mnaiitaje?"
Kwa Kiswahili ni buni, nikasema,
neno lilelile la kutunga kisichokuwapo.
Na kwetu... nikanyamaza.
Daktari alikataza vitu vigumu.
Nikatafuna, upande wa kushoto, polepole,
nikamsogezea bakuli.